Nusu ya Shamba la Waithira

Waithira alilima mananasi karibu na mto Theta. Mumewe, Githinji, alifanya kazi Thika, katika kiwanda cha kutia mananasi mikebeni. Mke alikuza, mume alimenya. Nyumba nzima ilikula kwa nanasi.

Jumamosi moja Githinji alirudi amenyong'onyea.

"Mama Mumbi, mambo imeharibika. Mwenye kiwanda anataka kurudi kwao Ulaya. Serikali imepandisha ushuru ya mabati ya mikebe."

"Haiya! Na mananasi yangu? Nimeingoja miaka mbili!"

Jumatatu alikata nusu ya shamba, mananasi mabichi kabisa. Akayafunika kwa nyasi kavu, kama alivyozoea kuivisha ndizi. Alitaka ayauze kabla kiwanda hakijafungwa. Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye hofu hakumbuki methali.

Siku ya nne aliyafunua. Mengi yalikuwa magumu vilevile, mengine yameoza. Waithira akaketi chini, akalia.

Hapo ndipo Kilonzo, bwana shamba kutoka Ruiru, alipomkuta. Alilaza baiskeli yake majanini.

"Pole, mama. Nanasi si ndizi. Ukikata bichi, haiivi tena. Nani alikuambia ukate?"

"Ni hofu tu, Bwana Kilonzo. Si kiwanda kinafungwa?"

"Bado. Sikiliza. Huyo mwenye kiwanda alileta mali yake kutoka ng'ambo. Mabati pia inatoka ng'ambo. Ushuru ikiwa kubwa, mkebe inakuwa ghali, mananasi hainunuliwi. Basi ataenda nchi ingine. Ushuru ikipungua, atakaa, aongeze mashine, aandike watu. Lakini lazima ajue sheria haitageuka kesho."

"Na sisi wadogo tufanye nini?"

"Serikali inapokea maoni mpaka mwisho wa mwezi. Chama yenu ya wakulima iandike barua. Semeni mko wangapi, na wangapi wameandikwa kazi. Na ile imebaki, usiguse mpaka iive! Mwenye kiwanda akiletewa mabichi, atapata sababu ya pili ya kuondoka."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni wakipigana na Mau Mau. Hata mkutano wa wakulima ulihitaji ruhusa ya chifu. Waliipata. Waithira, aliyekuwa anajifunza kusoma, aliandika jina lake kwenye barua, herufi kwa herufi.

Kisha wakangoja wiki sita. Githinji akichelewa kidogo tu, Waithira alidhani amefutwa kazi.

Mwishowe Githinji aliingia akicheka. "Ushuru imepunguzwa! Kwa miaka mitano. Mashine ya pili imeagizwa, na watu arobaini wataandikwa!"

Nusu iliyobaki shambani iliiva vizuri. Kiwanda hakikurudisha hata nanasi moja.

"Na miaka mitano ikiisha, Baba Mumbi?" Waithira aliuliza.

"Tutaandika tena."

Waithira alichukua jembe, akaenda kupalilia ile nusu aliyoikata. Huko angengoja machipukizi zaidi ya mwaka kabla ya kuona nanasi lingine.