Kigingi cha Mwavuli

Siku za shule niliamshwa na mlio wa sufuria. Mama alikuwa akilea watoto watano wa watu pale nyumbani kwetu, na wa kwanza aliletwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mimi sijapiga mswaki. Sebule yetu haikuwa sebule tena. Viti vilisukumwa ukutani, mkeka ulitandikwa katikati, magodoro madogo yalipangwa upande wa dirishani, na kando ya mlango wa jikoni palikuwa na ubao wenye vigingi sita vya mbao vya kutundikia mifuko ya watoto.

Kwa kuwa watoto wale hawakujua kusoma, Mama alichora picha juu ya kila kigingi ili kila mmoja atambue chake. Mpenda kula alichorewa kijiko. Aliyelia kila akitolewa majini alichorewa samaki. Tuliwazoea kwa picha zao hata tukawaita hivyo: Kijiko, Samaki, Nyota, Taa na Ufunguo. Kijiko alikuwa na miaka mitatu na maswali mia moja kwa siku.

Kigingi cha sita kilikuwa kitupu tangu mwenyewe aanze shule. Mama hangeweza kupokea watoto saba, maana kibali kilichobandikwa ukutani kilisema sita. Nafasi ilikuwa moja tu, na hiyo moja ilitutesa kuliko zile tano zote.

Kwanza ilikuja familia iliyosema mtoto wao ana miaka mitatu na nepi ameshaziaga. Alipoletwa tukaona hata kutembea anashikilia kuta. Ikaja nyingine iliyomleta binti yao siku mbili, ya tatu wakatoweka, wakatuachia kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Mama alikiweka juu ya kabati mwezi mzima, eti huenda watakirudia. Mimi ningekitupa siku ile ile.

Halafu akaja Bwana Kesho.

Alikuja peke yake na mwanawe, mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa kali, na mtoto hakuuachia mpini wa mwavuli ule hata mara moja. Yule baba alisifu kila kitu, mkeka, choo, hata sufuria. Alikaa dakika tano. Akasema mtoto ataanza Jumatatu bila kukosa, wakaondoka. Mama alifurahi sana. Jioni ile alichora mwavuli kwenye kigingi cha sita, akashona mfuko wa kitambaa cha buluu na kuutundika. Akaniambia mtoto akifika, godoro lake litawekwa pale dirishani penye meza yangu ya kusomea, na meza itahamia kwenye korido. Korido yetu ina giza na harufu ya viatu. Nilinuna.

Jumatatu uji ulipikwa wa watoto sita. Mtoto hakuja. Mama alipopiga simu, yule baba akasema kesho. Jumanne mtoto ana mafua, basi kesho. Jumatano kuna mgeni nyumbani, basi kesho. Ndipo nilipombandika lile jina. Mama alinikemea kwa kumwita mtu mzima hivyo, lakini nilimwona akigeuka ili nisimwone anacheka.

Kufika Ijumaa hakuna aliyecheka tena. Uji wa sita ulimwagwa siku tano mfululizo. Kijiko alikuwa akimwekea Mwavuli kipande cha mkate, kisha ikifika saa ya kulala anakila mwenyewe. Mama alirudisha watu wawili waliokuja kuulizia nafasi. Hilo lilinichoma kabisa, kwa sababu mimi niliona wazi kwamba tunazungushwa.

"Kwa nini usimpe mtu mwingine?" nilimuuliza.

"Nimeshamwambia nafasi ni yake," alijibu. "Nikimpa mwingine, halafu yeye akatokea mlangoni na mtoto, nitamwambia nini?"

Nikamwambia kwamba watu wasiotimiza walichosema hawafai kuhurumiwa. Mimi, nikajisifu, nikisema jambo nalifanya. Mama aliendelea kukunja nepi.

Jumanne ya wiki ya pili nilikuwa nimerudi kutoka shuleni, nimekaa mezani kwangu pale dirishani. Mama alikuwa bafuni akimwosha Taa, aliyejimwagia uji kichwani. Simu yake ikalia, nikaipokea. Alikuwa Bwana Kesho.

"Binti, mwambie mama yako asitungoje tena," alisema. "Bibi yake mtoto amehamia kwetu, atakaa naye. Hiyo nafasi ampe mwenye shida nayo. Na umwambie tunaomba radhi kwa kumsumbua."

Nikasema sawa.

Kutoka mezani hadi bafuni ni hatua sita. Sikupiga hata moja. Nilitazama daftari langu lililofunguliwa kwenye mwanga mzuri wa dirisha, nikaikumbuka korido. Kigingi kikijulikana kuwa ni kitupu, kesho yake tu Mama atapata mtoto mwingine, na meza itahama. Nikajiambia huyu bwana ni kigeugeu, kesho atabadilisha tena. Nikajiambia Mama ana kazi, nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia asubuhi. Ukweli ni kwamba nilisahau kwa makusudi, na hakuna kazi ngumu kama hiyo, maana unasahau jambo lile lile kila baada ya dakika kumi.

Siku iliyofuata alasiri alikuja mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Alieleza kwamba amepata kazi ya kufua mashuka kwenye hospitali ya karibu, ndiyo kwanza ana siku mbili kazini. Jirani aliyeahidi kumshikia mtoto amebadilika ghafla. Aliomba nafasi yoyote, hata kona. Mama alimwonyesha kigingi cha mwavuli na kumwambia kwa upole kwamba kimeshachukuliwa. Mimi nilikuwa pale pale mezani. Nililisoma swali moja la hesabu mara nne bila kulielewa, na sikufungua mdomo.

Tangu siku hiyo hasira zangu zilihamia kwa kila mtu. Nilimfokea Nyota kwa kugusa penseli yangu. Nililalamikia uji, kelele na viatu vya watoto. Mama naye alikuwa amechoka. Alimpigia Bwana Kesho mara tatu, simu haikupokelewa, akamwandikia ujumbe mkali ambao hata mimi ulinishtua.

Ijumaa yule dobi alirudi. Safari hii hakukaa, alikuwa anawahi kurudi kazini. Alisema amekuwa akienda na mtoto kazini, anamweka ndani ya kapu la mashuka safi, lakini chumba kile kina maji ya moto na mashine, na msimamizi amemwambia Jumatatu asionekane na mtoto pale. Akija naye, arudi naye nyumbani moja kwa moja.

"Sikulaumu, dada," alimwambia Mama. "Nimepita tu, huenda kuna aliyejitoa."

"Hakuna," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Ningekuwa na nafasi ningekupa sasa hivi."

Mlango ulipofungwa, Mama aliegemea ukuta chini ya vile vigingi. Alisema amemrudisha mwenye shida ya kweli mara mbili, kwa ajili ya mtu asiyepokea hata simu. Kijiko alimshika sketi, akamuuliza kama Mwavuli anaumwa.

Nilishindwa. Nilisimama, nikasema yote: simu ya Jumanne, hatua sita, meza, korido. Nilisema huku nikitazama sakafu, na nilipomaliza sikutaka kuinua kichwa.

Mama hakunipiga wala hakunifokea. Alichukua simu, akamwandikia Bwana Kesho, safari hii kumwomba radhi. Jibu lilikuja upesi. Mama alinisomea. Yule bwana alisema hakupokea simu kwa sababu alidhani tunataka kumlaumu, na yeye alishatoa taarifa, au binti hakusema?

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Wiki mbili nilikuwa namcheka mtu kwa jina la Kesho. Siku aliyofanya jambo lake kwa wakati, aliyelichelewesha nilikuwa mimi.

"Mimi siwezi kuwaacha hawa watano," Mama alisema. "Nenda wewe kwa yule dada wa mashuka. Ujumbe wa kwanza hukuufikisha, huu utaufikisha kwa mdomo wako mwenyewe. Mwambie kesho asubuhi aje na mtoto, tuonane."

"Nimwambie na sababu?"

"Hasa hiyo sababu."

Nilikimbia. Chumba cha kufulia kiko nyuma ya hospitali, kimejaa mvuke na harufu ya sabuni. Nilimkuta yule mama amesimama kwenye meza ndefu akikunja mashuka, na mwanawe amekaa ndani ya kapu, kichwa tu kinaonekana. Nilimwamkia. Nikamwambia nafasi ipo, ilikuwepo hata Jumatano alipokuja, na mimi ndiye niliyejua nikanyamaza kwa sababu sikutaka meza yangu ihamishwe.

Aliendelea na shuka lile mpaka nikadhani hajanisikia. Kisha akanirushia ncha mbili za shuka jingine.

"Shika hapo," alisema.

Tulikunja mashuka manane. La tisa alilishika bila kulikunja.

"Jumatano nilitoka kwenu nikalia njiani," alisema. "Nilidhani mama yako ameniona sifai." Akaliweka shuka mezani. "Ningekuwa na nguvu ningekuchapa. Lakini umekuja mwenyewe kunieleza. Mwambie nitakuja kesho."

Neno kesho lilinishtua, nikakosa hata pa kutazama.

Jioni ile, watoto walipokwisha chukuliwa, Mama alikwangua mwavuli kwa kisu kidogo mpaka ubao ukabaki mweupe. Nilimshikia ubao. Aliniambia na yeye ana kosa lake. Alichora picha kwa sababu ya maneno matamu ya dakika tano, bila kumwona mtoto akicheza pale wala mzazi akikaa. Tangu sasa, alisema, mzazi mgeni atakuja kwanza siku ya mapumziko, akae saa nzima mkekani na mwanawe, alete kadi ya kliniki ili umri ujulikane, na achague siku ya kuanza. Siku hiyo ikipita bila mtoto wala taarifa, nafasi atapewa anayefuata. Picha itachorwa mtoto akishatundika mfuko wake kwa mkono wake.

"Na wewe?" aliniuliza.

Nikasema nitakuwa naandika kila simu. Alitundika daftari dogo na penseli karibu na mahali simu inapowekwa.

Jumamosi yule dobi alifika robo saa kabla ya wakati. Alikaa saa nzima, akauliza maswali magumu kuhusu bafu na jiko, na Mama akayajibu yote. Jumatatu mtoto aliingia, akautazama mfuko wa buluu, akautundika mwenyewe. Mama alipomuuliza anataka picha gani, alisema kapu. Kijiko alimkabidhi kipande cha mkate papo hapo. Meza yangu ilikuwa tayari kwenye korido. Niliihamisha mwenyewe Jumapili, na kweli kuna harufu ya viatu.

Wiki mbili baadaye simu ililia Mama akiwa bafuni. Alikuwa Bwana Kesho. Bibi amerudi kwake, alisema, na je, mtoto anaweza kuanza kesho? Niliandika kila neno, nikapiga hatua zangu sita, nikamsomea Mama mlangoni. Alijifuta povu mikononi.

"Mwambie nafasi haipo," alisema. "Ikipatikana, yeye ndiye wa kwanza kuitwa, ila aje kwanza akae saa nzima kama wenzake. Na umshukuru kwa kupiga simu."

Nilirudi nikamwambia hivyo hivyo. Mama alipotoka bafuni alikuta nimekwisha andika na jibu. Alilisoma daftari, akanishika bega.

"Mwanangu, watu wa kutuzungusha watakuja tena, hao tutawawekea utaratibu," alisema. "Lakini hakuna utaratibu wa kutusaidia kama sisi wenyewe wa ndani hatuambiani ukweli. Ukipewa ujumbe wa mtu, si wako. Ukiukalia, kuna mtu mahali fulani analia njiani, na wala hajui ni kwa sababu yako."

Nikalirudisha daftari mahali pake, nikaenda koridoni kumalizia hesabu.