Doa Kwenye Kioo

Haya wajukuu, sogeeni niwategee. Nina kijumba cha kioo, ndani mna moto, lakini hakinywi mafuta wala hakitoi moshi. Wewe hapo umesema balbu? Balbu inamulika, changu kinaimba. Mmeshindwa? Basi kaeni nacho, Eufrazia atawafungulia.

Eufrazia alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano pale Shanwe, mjini Mpanda, mwaka ule wa 1976. Kila jioni alisugua vioo vya chemli kwa majivu mpaka masizi yote yatoke. Kioo kikibaki na doa, baba yake, mzee Salvatori, hakuuliza mara mbili. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mtaani walimheshimu kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Nyumbani walimheshimu kwa sababu ya huo mkono.

Kwaya ilikuwa imelima mpunga misimu miwili ili inunue vyombo vya muziki. Jumamosi moja asubuhi Salvatori, Mama Generosa aliyekuwa mwalimu wa kwaya, na Mabula mwenye mkokoteni walikwenda dukani kwa Thadei, Kashaulili. Eufrazia alifuatana nao. Fundi wao alikuwa Cyriaque, mkimbizi kutoka Burundi, mtengeneza redio, mtu mpole mwenye kovu refu shingoni.

Thadei aliwaonyesha amplifaya mbili. Moja ilikuwa ndogo, mpya, inang'aa. Nyingine ilikuwa ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, na spika zake mbili zilisimama ndefu kama makabati. Jenereta ikawashwa. Ile ndogo ikaimba papo hapo, sauti kali kama bati. Ile kubwa ikanyamaza.

"Hii imekufa," Mabula akasema. "Mnataka nisukume jeneza?"

"Ngoja ndugu yangu," Cyriaque akajibu. "Haijaamka. Mashine ya valvu lazima ipate moto kwanza."

Akafungua mfuniko. Eufrazia akaviona vijumba vinne vya kioo, ndani yake mkianza kuwa na wekundu kama wa kaa la moto. Sasa mmejua kitendawili changu. Ndizo hizo valvu. Kisha sauti ikatoka, nene, laini, ikajaza duka zima. Ilikuwa sauti safi hata wakamsikia mwimbaji wa kwenye santuri akivuta pumzi kabla ya kuimba.

Mama Generosa alifumba macho. "Tuchukue hii," akasema. "Hii haifichi kitu."

Wakubwa walipokwenda nje kufunga spika kwenye mkokoteni, Cyriaque alimwambia Eufrazia, "Binti, kaa nayo ipoe. Usiiguse."

Alikaa. Lakini alipochungulia, aliona doa jeusi juu ya kila kioo, na moja lilikuwa kubwa kuliko mengine. Masizi, akawaza. Baba akiyaona, itakuwaje? Akaichomoa ile valvu kwa ncha ya kanga, akachota majivu kwenye jiko la muuza chai wa nje, akasugua. Doa halikutoka, maana lilikuwa ndani ya kioo, na ndivyo valvu zilivyo. Yeye hakujua. Akakaza mkono. Kioo kikalia fsss, ufa mwembamba ukapita shingoni, na lile doa likageuka jeupe kama maziwa. Akairudisha tunduni upesi, akafunika, akakaa kama mtu ambaye hajainuka kabisa.

Mchana kwaya nzima ilikuwa kanisani Shanwe. Jenereta iliwashwa, watu wakangoja mashine ipate moto. Wakangoja tena. Kikatoka kimoshi chembamba, kisha kimya.

Cyriaque alifungua, akaitoa ile valvu. "Imeingia hewa," akasema akishangaa. "Asubuhi ilikuwa nzima."

"Nzima umeiweka mfukoni," Salvatori akasema. "Njiani umetubadilishia."

"Mzee, mimi nime..."

Ngumi ilimpata mdomoni kabla hajamaliza. Akaangukia spika, na damu ikatapakaa kwenye kitambaa kinachoifunika. Ile ngumi moja ilikuwa kama kiberiti kwenye nyasi kavu. Wanaume waliruka mabenchi. Wakamvuta kwa shati mpaka likachanika, wakamtupa nje uwanjani.

"Tumempa ardhi, bado anatuibia!"

"Mvunjeni vidole, tuone atachomoa nini tena!"

Mabula alifungua kamba ya mkokoteni akaanza kumchapa nayo mgongoni. Wengine walimpiga mateke ya mbavu. Mmoja alimkanyaga mkono, mfupa ukalia kama kuni kavu. Jino lilidondoka vumbini. Cyriaque hakurudisha pigo hata moja. Alijikunja tu, akisema, "Nilikimbia kwetu kwa sababu ya haya. Haya haya."

Eufrazia alisimama kwenye ukuta wa kanisa. Alijua wanachokitafuta hakipo mfukoni mwa yule mtu. Alijua pia kwamba akisema, mikono ile yote itamgeukia yeye. Ndipo akamwona mwimbaji mmoja wa sauti ya nne, kijana aliyeimba Zaburi vizuri kuliko wote, anainua tofali kwa mikono miwili.

Eufrazia alikimbia akamlalia Cyriaque. Kamba ya Mabula ikamshukia yeye mgongoni, ikachana gauni na ngozi.

"Ni mimi," akalia. "Nilidhani ni masizi. Nilisugua kwa majivu, ikapasuka. Ni mimi."

Tofali likashuka taratibu mpaka chini. Mama Generosa akapasua katikati yao, akapiga magoti kando ya yule majeruhi, akamfunga mkono kwa kitenge chake. Kisha akainuka.

"Nani alimpiga wa kwanza?"

Kila mtu alitazama miguu yake. Eufrazia alimtazama baba yake. Salvatori naye alitazama miguu yake.

"Haya," Mama Generosa akasema. "Acheni spika. Mkokoteni huu unampeleka mtu hospitali."

Majuma matano yalipita. Valvu nyingine ilikuja kwa treni kutoka Tabora. Watu walidhani Cyriaque hatakanyaga tena Shanwe, lakini alikuja, mkono umefungwa, pengo mdomoni.

"Mkono mmoja hautoshi," alimwambia Eufrazia. "Nikopeshe wako."

"Mimi? Nitavunja tena."

"Aliyewahi kuvunja hushika polepole."

Eufrazia aliichomeka valvu mpya polepole. Vijumba vinne vikawa vyekundu. Salvatori, kama mwenyekiti, alishika kipaza sauti ili ahesabu moja, mbili, tatu. Hakuhesabu. Spika zilikuwa wazi, na kanisa zima likamsikia akivuta pumzi.

"Mwanangu alisema kweli huku anachapwa," akasema. "Mimi nimenyamaza majuma matano bila kuguswa na mtu. Enyi watoto mnaonisikia, kosa la kioo linatengenezwa kwa kioo kingine. Kosa la mkono halitengenezeki mpaka mwenye mkono aseme. Na mkono uliotangulia kuuliza hautangulii kupiga."

Akamgeukia Cyriaque, kisha Mama Generosa.

"Mama Generosa, siku ile uliuliza nani alimpiga wa kwanza. Ni mimi."