Sauti ya Kalista Katika Simu za Mpui

Mnada wa Mpui ulikuwa umefurika. Gunia la ulezi lilimgonga Kalista begani, nusura begi lenye kompyuta yake lianguke chini.

"Aa, pole dada'angu! Umeumia?"

"Mimi mzima. Ila humu ndani ya begi mna digrii yangu!"

Kijana akalitua gunia akicheka. Shati jekundu, mwanya, lafudhi tamu ya Kisukuma. Alikuwa Amos, mtoto wa wafugaji, na Kalista alipendezwa naye palepale, hakuna haja ya kuficha.

Kalista alikuwa mwaka wa tatu chuoni, sayansi ya kompyuta, amerudi likizo kujaribu mradi wake: programu iliyowapigia wakulima simu alfajiri kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi, ikawauliza habari za mahindi, ikahifadhi majibu. Akaichukua namba ya Amos na kuiingiza kwenye programu hiyo. Kwa haraka na aibu, alimwambia tu, "Nitakupigia alfajiri."

Jioni ndipo alimpigia yeye mwenyewe.

"Vipi, mchunga ng'ombe wangu?"

"Poa, mrembo wa kompyuta. Leo umekula?"

Wakazoeana, wakaitana mpenzi. Kisha ghafla simu ya Amos ikawa haipatikani, na Kalista akakosa usingizi. Siku ya mnada akavaa kitenge chake kipya cha njano, akamfuata.

"Nimekukosea nini?"

"Kamuulize mshikaji wangu Fabiani!" Amos alifura. "Kila alfajiri unamwambia 'Habari za asubuhi, mpendwa', vilevile kama mimi. Hata mzee Isdori, mwenye wajukuu!"

Kalista akashika kiuno, akacheka hadi machozi.

"Ile ni mashine, Amos! Sauti yangu tu. Mimi saa hizo nakoroma."

Amos akaduwaa. "Sasa yale niliyokuwa nikikujibu?"

"Yamehifadhiwa. Sijayasikiliza bado."

"Usiyafungue!"

Alishachelewa. Kalista alikuwa ameshaifungua kompyuta juu ya gunia na kubonyeza, na sauti ya Amos ikavuma, wauza nyanya wakageuka: "Mahindi mazima, mpenzi. Mgonjwa ni mimi. Ukimaliza chuo, nije kwenu na ng'ombe?"

Amos akajifunika uso kwa kofia. Kalista akaishusha taratibu.

"Njoo," alisema. "Ila mshenga awe mtu. Baba yangu hapokei mashine."