Tiketi ya Mtu wa Tatu

"Ngome ina baridi," Fundi alisema, akimrudishia mkewe simu. "Utaganda."

"Nitavaa koti."

"Koti huna."

"Nitanunua."

"Kwa bajeti ipi? Tukishalipa viza na ndege, tutafika huko na nauli ya kurudia tu. Tutasimama nje ya geti tukisikiliza wenzetu wanavyofaidi."

Msusi alicheka, ingawa alikuwa amepania kununa. Huyo ndiye mumewe. Kazi yake ni kutengeneza lifti za maghorofa, na maneno yake ni kama lifti hizo hizo: unaingia umekasirika, unatoka unacheka.

Walijuana kupitia mlango wa lifti. Siku hiyo umeme ulikatika, Msusi akakwama ndani na mfuko wa vichwa vya plastiki vya kufundishia kusuka. Fundi akauliza kutoka nje, "Dada, uko na nani humo?" Akajibu, "Niko na vichwa sita." Kule nje kukasikika vyuma vikipekuliwa. Mlango ulipofunguka, kijana yule alikuwa amesimama na nyundo mkononi, mwenyewe hajui amejiandaa kupambana na nini.

Wakaoana, lakini fungate wakalikosa. Wiki ile ya harusi bomba lilipasuka juu ya saluni, maji yakaharibu viti na mashine zote za kukaushia nywele. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema, "Chukua hela ya safari uinue kazi yako. Fungate si maziwa, halichachi."

Sasa walikuwa wameweka akiba tena, na mbele yao kulikuwa na bustani mbili za michezo, zote ng'ambo. Ya kwanza, Bustani ya Ngome, ilikuwa katika nchi ya mbali yenye baridi. Kule kuna ngome ndefu kama ya hadithini, mitaa iliyopambwa taa, na fataki zinazorushwa kila jioni. Ya pili ilikuwa Bustani ya Maji, karibu zaidi, haina usumbufu wa viza. Ina miteremko ya maji, gurudumu kubwa la kupanda watu, na treni ya mbao inayopanda kilima na kuporomoka.

Msusi alitaka Ngome. Alitazama video zake mpaka akajua milango ya kuingilia. Fundi mwanzoni aliitaka Ngome pia. Ila siku za karibuni, kila akiguswa, alikuwa na sababu mpya. Leo baridi, jana foleni, juzi chakula.

"Fundi, hebu niambie. Tatizo ni Ngome, au kuna jambo?"

"Jambo gani tena, mke wangu? Kunywa chai, inapoa."

Akainuka kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

*

Simu iliita Msusi akiwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Habari za kazi, dada. Napiga kutoka ofisi ya safari. Namba ya kaka haipatikani, nikaona nijaribu hii ya pili. Naomba picha nyingine ya pasipoti ya abiria wa tatu, ile aliyotuma ina ukungu."

"Abiria wa tatu?"

"Ndiyo. Yule mama."

"Mama yupi?"

Binti wa ofisi akapekua karatasi. Akakohoa kidogo.

"Labda nimtafute kaka mwenyewe, dada. Samahani kwa usumbufu."

Simu ikakatika. Msusi akabaki ameshika msuko mmoja hewani.

Kwenye meza ya pembeni alikaa shoga yake, mpakaji wa rangi za kucha, ambaye mtaa mzima ulimwita Kucha. Masikio yake yalikuwa makali kuliko wembe.

"Abiria wa tatu," alisema taratibu, akipuliza kidole cha mteja wake. "Na ni mama."

"Kucha, usianze."

"Sijaanza. Nasema tu neno 'mama' ni pana. Hata mimi ni mama."

Msusi akaandika ujumbe: *Abiria wa tatu ni nani?*

Jibu likachelewa. Akamaliza kichwa kile, akaanza kingine. Hatimaye simu ikalia.

*Nimo kwenye shimo la lifti, mtandao unakuja na kupotea. Usiwaze vibaya. Nikirudi nitakwambia.*

Kucha alisoma kwa juu ya bega lake.

"Mtu akikwambia usiwaze vibaya, ujue vibaya vipo."

*

Fundi aliingia jua likiwa bado halijazama, grisi mpaka kwenye viwiko. Hakuketi.

"Ni mama," alisema.

"Mama nani?"

"Mama yangu mimi."

Msusi alivuta kiti akakaa. Kwanza moyo ulitua. Halafu ukapanda tena, kwa mlango mwingine.

"Ndiyo maana Ngome ina baridi."

"Ngome ina baridi kweli."

"Fundi."

Akainamisha kichwa. "Kwa Ngome hela inatosha wawili. Kwa Maji inatosha watatu. Nilipiga hesabu, nikaona..."

"Ukaona wewe."

"Mke wangu, nisikilize. Mama amefua mashuka ya hoteli tangu sijazaliwa. Wageni wanakuja na masanduku, wanaondoka na masanduku, yeye anabaki na mashuka yao. Hajawahi kulalia shuka la hoteli hata siku moja. Juzi ndege imepita juu ya nyumba yake, akaniuliza, 'Hivi mle ndani watu wanaruhusiwa kuvua viatu?' Basi tu. Nikakosa usingizi."

Msusi alimtazama. Alimpenda mno wakati ule, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Ungeniambia hivyo hivyo ulivyoniambia sasa, ningekataa?"

"Niliogopa. Ni fungate lako."

"Letu. Halafu sikiliza na wewe. Mimi ni kifungua mimba. Mgongo wangu ulibeba wadogo zangu kabla haujabeba begi la shule. Nikiwa mdogo, ikija michezo mtaani, mimi ni wa kushika mikono ya wenzangu wasipotee. Unadhani nataka ngome ya nini? Nilitaka kwenda mahali ambapo kwa mara ya kwanza mtu ananiuliza, wewe unataka nini. Na nilidhani mtu huyo ni wewe."

Fundi akajipangusa grisi kwenye viwiko, akaieneza zaidi.

"Na mama amekubali?" Msusi akauliza.

"Mama hajui."

"Pasipoti ameipataje?"

"Nilimwambia ni kitambulisho kipya. Nilitaka iwe jambo la kumshangaza. Nisamehe, mke wangu."

Msusi akatikisa kichwa, akaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

*

Kuanzia hapo nyumba ikajaa adabu. "Chai iko mezani." "Asante." "Karibu." Wakawa kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja kwa makosa. Fundi alifika mpaka kusema, "Basi twende Ngome, wawili tu." Msusi akamjibu kwamba hataki kupewa Ngome kama mtu anayelipwa fidia.

Ndipo mama mkwe alipopiga simu saluni.

"Mwanangu, uko na mtu hapo?"

"Nina mteja, mama. Sema tu, nakusikia."

"Basi nitasema kidogo." Sauti ya mama ilikuwa nyembamba. "Nimewakosea nini?"

Msusi akasimamisha kitana.

"Kwa nini, mama?"

"Kile kitabu alichonipa mwanangu, nimewaonyesha wenzangu kazini. Wamesema si kitambulisho, ni cha kuvukia kwenda nje. Halafu jana kanipigia, ananiuliza sanduku langu lina ukubwa gani. Kama nimekuwa mzigo, niambieni nikiwa bado nina nguvu. Msinipeleke kwa watu nisiowajua. Mimi hata huku huku nitakaa kimya, hamtanisikia."

"Nakuja huko, mama." Msusi akakata simu. Akamkabidhi Kucha kitana, na kichwa cha mteja kilichosukwa nusu.

"Unaenda wapi?" Kucha akashangaa. "Mimi najua kucha tu."

"Mkande mabega. Narudi."

*

Chumba cha mama mkwe kilinukia sabuni na pasi ya moto. Alikuwa ameketi kitandani, mikono imelala magotini, ngozi ya vidole imekunjamana kwa maji ya miaka. Kando yake kulikuwa na sanduku, tayari limefutwa vumbi. Yaani alikuwa analia, na huku anajiandaa.

"Nani anakufukuza, mama?"

"Mzee akipewa pasipoti bila kuulizwa, huyo anapelekwa."

Msusi akaketi ubavuni pake, akamweleza yote, bustani mbili, fungate lililokwama, hadi tiketi ya tatu. Mama alisikiliza bila kupepesa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Msusi alipodhani kilio kimerudi, akagundua ni kicheko.

"Fungate? Mimi niende fungate? Nilale katikati yenu kama mto?"

"Una chumba chako, mama."

"Mwanangu ana akili za lifti. Anapanda, anashuka, pembeni haoni." Akajifuta macho. "Nendeni Ngome, mwanangu. Mimi nimeshafurahi kwamba sifukuzwi. Inanitosha."

Msusi angeweza kusema asante na kuondoka na Ngome yake. Lakini neno lile, "inanitosha", alilijua. Ndilo alilokuwa akisema yeye utotoni, kila sahani ilipomfikia ya mwisho.

"Mama, tuache sisi. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Mama akatazama mikono yake.

"Sijui. Swali hilo halijawahi kunifikia."

Msusi akatoa simu, akamwekea video. Ngome ikapita na taa zake.

"Pazuri," mama alisema. "Ila wanaofagia pale wana kazi."

Ikaja treni ya mbao. Ilikwea kilima polepole, ikasita kileleni, ikajiachia, watu wameinua mikono juu.

"Hawa wanalia au wanacheka?"

"Vyote, mama."

"Rudisha."

Akarudisha.

"Hebu tena."

Ikapita mara ya tatu. Mama alikuwa ameinamia kioo cha simu, midomo wazi kidogo, na mkono wake mmoja umeshika ukingo wa kitanda kana kwamba kitaondoka.

"Mama," Msusi alisema, "nikwambie ukweli ili usije ukausikia pembeni. Mimi nilitaka Ngome. Bado naitaka."

"Basi nenda, mwanangu. Usijinyime kwa ajili yangu."

"Sijinyimi. Maisha yangu nimejinyima vya kutosha, najua ladha yake, na hii siyo. Ngome haihami, nitaiendea. Safari hii nataka kupanda kitu hiki na wewe."

*

Fundi aliitwa. Alikuta wanawake wawili wameketi kitandani bega kwa bega, na akajua mara moja kwamba hesabu zake zote zimeingia maji.

"Kaa," mama alisema. "Mficha uchi hazai. Ulitaka kutufurahisha wote wawili kimyakimya, umetutoa machozi wote wawili."

"Nisamehe, mama."

"Sasa uliza."

"Niulize nini?"

Mama akamgeukia mkwewe. "Umeona? Lifti."

Fundi akasogeza kigoda, akaketi chini yao, kofia mkononi.

"Mama, ungependa kusafiri na sisi?"

"Ningependa."

Akamtazama mkewe, na uso wake ukapoteza utani wote.

"Mke wangu, wewe ungependa nini?"

Msusi hakujibu haraka. Alitaka kulisikia swali lile likikaa chumbani.

"Nataka Bustani ya Maji, sisi watatu. Mchana tutakuwa pamoja. Jioni ni zangu na wewe. Na usije tena ukaniamulia furaha yangu, hata kama ni kwa nia njema. Nia njema ndiyo iliyoniuma zaidi."

"Sitarudia."

"Na mimi nina langu," mama akadakia. "Nina mlango wangu. Asubuhi msinigongee, nataka kulalia hayo mashuka mpaka nichoke."

*

Kwenye ndege mama alivua viatu kabla haijaondoka. Hotelini alikagua shuka, akasema limepigwa pasi kivivu, kisha akalilalia mpaka saa za chai zikapita.

Siku ya treni, Fundi alikuwa wa kwanza kusita. Mtu anayening'inia mashimoni kwa kamba kila siku aliitazama mbao ikitetemeka, akasema atabaki kulinda mikoba. Wakamwacha. Mama na mkwewe wakafungwa mikanda kiti kimoja. Walipokuwa wanakwea, mama alisali kwa sauti. Kileleni alinyamaza. Treni ilipojiachia, Msusi alisikia kando yake sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mwanamke yule mpole, sauti ya msichana wa miaka tisa anayekimbia mteremkoni. Naye akafungua koo lake. Akapiga ukelele mpaka machozi yakamtoka, bila kushika mkono wa mtu yeyote asipotee.

Jioni mama alikataa kupanda gurudumu kubwa.

"Hilo ni la wawili. Mimi napumzika hapa benchini."

Kijumba chao kikapanda polepole. Chini, miteremko ya maji ilimeta kwa jua la mwisho, na watu wakawa wadogo kama shanga. Fundi alikuwa amefumba macho.

"Fumbua, mume wangu. Pazuri."

"Nitafumbua. Nipe mkono kwanza."

Akampa. Akafumbua jicho moja, kisha la pili, na badala ya kutazama bustani akamtazama yeye.

"Ulikuwa na haki ya kwenda Ngome," alisema.

"Najua. Ndiyo maana najisikia vizuri kuwa hapa."

Akamlalia begani. Walikuwa juu kabisa, gurudumu limesimama kupakia watu, simu ilipoita. Msusi akaipokea.

"Mwanangu, mnakaribia kushuka?"

"Bado kidogo, mama. Umechoka? Tuje?"

"Hapana, hapana. Msiharakishe," mama alisema. Nyuma yake kulisikika watu wakisukumana na mlio wa kengele. "Kaeni huko huko. Nimerudi kwenye foleni ya treni, na safari hii nakaa kiti cha mbele."