Honi Haisimamishi Gari

Alama zote zilianza mahali pamoja.

Msichana aliziona alipokuwa akifagia mbele ya kitalu. Alifagia hapo kila asubuhi. Baba yake aliuza miche, na mteja hapendi kuchagua mche penye takataka. Barabara yenyewe ilikuwa ya vumbi, nyembamba, ya kupita gari moja tu. Ilikuja imenyooka kutoka barabara kuu, ikafika kwenye ua wa miti wa baba, ikakata kona, kisha ikapita mbele ya geti lao. Hapo, baada ya kona, palikuwa na mistari ya matairi yaliyofunga breki ghafla. Mingine ilikuwa mipana, ya magari. Mingine ilikuwa myembamba, ya pikipiki. Asubuhi aliifuta kwa ufagio. Jioni ilikuwa imerudi.

Wingi wake haukumshangaza. Vijana wa siku hizi walipita pale kama wanafukuzwa. Kilichomshangaza ni kwamba hakuna hata mstari mmoja ulioanza kabla ya kona. Yote ilianza karibu na nguzo ya geti.

"Kwa nini hapo tu?" alijiuliza.

Hakumuuliza mtu. Alikuwa na maneno machache tangu utotoni, mpaka nyumbani wakamwita Kimya, na jina likamganda.

Siku hiyohiyo, Bibi alitoka getini na kopo la kumwagilia miche. Bomba la maji lilikuwa ng'ambo ya barabara. Bibi alikuwa mzee, na masikio yake yalikuwa yamechoka, lakini kazi ya maji hakutaka kumwachia mtu. Alisema miche inamjua.

Honi ikalia nyuma ya ua. Ikalia tena, ndefu. Bibi hakugeuka.

Pikapu nyeupe ikachomoka kwenye kona. Breki zikalia. Vumbi likapanda likafunika kila kitu. Lilipotua, pikapu ilikuwa imesimama, na Bibi alikuwa amekaa chini barabarani, kopo limepinduka, maji yanamwagika miguuni pake. Kati ya bampa na bega lake pangepita kiganja tu.

Mlango ukafunguliwa. Dereva alikuwa mjukuu wake mwenyewe, kaka yake Kimya. Alipeleka saruji na mabati kwa wateja wa duka la vifaa vya ujenzi. Vijana wenzake walimwita Mshale, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi.

"Nilipiga honi!" ndiyo maneno yake ya kwanza.

Baba alikuja mbio kutoka kitaluni, mikono imejaa udongo. "Ulimpigia nani honi? Mama yangu hasikii!"

"Baba, nilipiga mara mbili. Kila dereva anapiga honi pale. Ukipiga, watu wanajua unakuja."

"Nani anakuja?" Bibi aliuliza kutoka pale chini. "Wageni?"

Hakuna aliyecheka. Kimya alimwinua Bibi, akamkung'uta vumbi.  Mshale aliokota kopo, akaliweka kando ya geti.

Wakati wa kula, baba alikuwa bado anafoka. "Nimechoka na vijana hawa. Mwaka jana mmoja aliingia na gari mpaka kwenye miche yangu. Tangu hapo nimeuacha ua ukue, uwe mnene, utukinge. Sasa nitauacha urefuke zaidi. Na siku ya mapumziko napanga mawe barabarani. Tuone nani ataruka na gari lake!"

"Mawe utayapanga, na mimi ndiye nitakayepita," alisema Mshale.

"Basi utajifunza."

Kimya alikula bila kuinua macho. Lakini kichwani ile mistari haikumtoka.

Asubuhi yake, gari dogo lilikuja kwa mwendo wa kinyonga. Ubavuni lilikuwa na herufi kubwa L, ya dereva mwanafunzi. Lilikuwa gari la jirani yao, mama mmoja aliyeendesha malori kwa miaka mingi, na sasa alifundisha udereva. Watu walimwita Mama Gia. Siku hiyo hakuwa na mwanafunzi. Alishuka achague miche ya maua.

Kimya aliuegemeza ufagio ukutani. Akaushika tena. Akauegemeza tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo Kimya anasema? Mvua itanyesha!"

Kimya alicheka kidogo, akatazama chini. "Mama, kwa nini magari yote yanafunga breki hapa? Kwa nini hakuna linaloanza kule, kabla ya kona?"

Mama Gia aliweka chini mche aliokuwa ameushika. Akainama, akaitazama mistari. "Umeiona peke yako?"

"Huwa naifagia."

"Ingia garini."

Walirudi nyuma kidogo, kisha wakageuza. Mama Gia aliliendesha gari polepole kuelekea kona. "Wewe ndiye macho yangu. Niambie ukiliona geti lenu."

Kimya alikaza macho. Mbele yake palikuwa na majani tu, ya kijani, mazito, yaliyokatwa vizuri. "Bado," alisema. "Bado. Bado... Sasa!"

Mama Gia alikanyaga breki. Geti lilikuwa pale, puani kabisa.

"Na mimi nilikuwa natambaa," alisema Mama Gia. "Sikiliza. Dereva akiona kitu, hasimami hapohapo. Kwanza jicho linaona. Kisha akili inaamua. Kisha mguu unahama, unakanyaga. Muda wote huo gari linaendelea kwenda. Breki zikishika, bado linateleza, hasa kwenye vumbi hili. Aliye na mbio anaona geti na kulifikia kwa wakati mmoja."

"Kwa hiyo mistari inaanza hapa kwa sababu hapa ndipo wanapoona."

"Hapo umefika."

Kimya aliutazama ua. "Na kinachowazuia wasione ni..." Ule ulikuwa ua wa baba yake.

"Mimi sijasema," alisema Mama Gia, akicheka. Kisha uso wake ukawa wa kazi. "Ila usiubebeshe ua makosa yote. Ua unaficha. Anayekimbilia asichokiona ni dereva. Nyumbani kwenu nitaanza na nani, baba au kaka?"

"Wote," alisema Kimya. "Kila mmoja anamsubiri mwenzake akosee."

Siku ya mapumziko, Mama Gia alifika. Alimkuta baba anavingirisha jiwe kubwa kuelekea barabarani.

"Hilo liache hapohapo, jirani."

"Litawatuliza."

"Litawatuliza kweli. Usiku mwenye pikipiki atalikuta gizani, na hatainuka. Jiwe halimjui mwema wala mbaya. Tuta la barabarani linajengwa na watu wa barabara, linawekewa alama, dereva analiona mapema. Nenda ofisini kwao ukaombe. Nitakusindikiza."

Baba alikaa juu ya jiwe lake, akipangusa jasho.

Mshale alikuwepo pia, pamoja na rafiki yake mwenye pikipiki. Walikuja kutazama tu, walisema. Mama Gia aliwasalimu kwa furaha kama waliokuwa wamealikwa.

"Mshale, nasikia breki zako ni kali."

"Pikapu ile naisimamisha juu ya sarafu, mama."

"Sarafu ni ndogo, nitaikosa kwa macho yangu. Kimya, lete ndoo."

Kimya aliiweka ndoo ya plastiki katikati ya barabara, mbele ya geti. Rafiki yake Mshale alikwenda mbele kuzuia magari ya upande ule. Wengine wote walipanda juu ya tuta la mtaro penye bomba la maji, mbali na barabara, Bibi akiwa katikati.

"Usije kwa kujionyesha," Mama Gia alimwambia Mshale. "Njoo kama unavyokuja siku ya kazi. Na unajua ndoo ipo. Bibi yako hukujua kama yupo."

Mshale alikwenda hadi barabara kuu akageuza. Walilisikia gari likija. Honi ikalia nyuma ya ua, mara mbili. Pikapu ikachomoka, breki zikalia, na ndoo ikaenda chini ya gurudumu kwa mlio wa kupasuka.

Mshale alishuka. Ulimi ukamtangulia.

"Nilipiga honi!"

 Rafiki yake akaangua kicheko. "Ndoo ilikuwa inaongea na simu!"

Hata baba alicheka, mpaka akashika mbavu. Bibi hakusikia maneno, lakini alimwona mjukuu wake amesimama mbele ya plastiki iliyobondeka. Aliteremka taratibu, akaokota kipande kimoja, akakigeuza mikononi.

"Maskini," alisema. "Nayo ni kiziwi kama mimi."

Kicheko kikakatika. Mshale alikitazama kile kipande. Alitazama mahali ndoo ilipokuwa imekaa. Palikuwa palepale alipokuwa amekaa Bibi.

"Honi inasema unakuja," alisema Mama Gia, kwa upole. "Haisimamishi gari. Mtoto anaisikia na kukimbilia upande mbaya. Mzee haisikii kabisa. Ng'ombe anaisikia na kusimama akushangae. Piga honi, ndiyo, lakini uwe umeshapunguza mwendo."

"Nipunguze mpaka wapi?" Mshale aliuliza. Hakuwa anabisha tena. Alitaka kujua.

"Swali zuri. Tazama mbele mpaka macho yanapoishia. Hapo ndipo barabara yako inapokoma, hata kama unaijua njia kama kiganja chako. Sasa igawe nusu kwa nusu. Katika njia nyembamba kama hii, lazima uweze kusimama ndani ya nusu ya kwanza."

"Na nusu ya pili?"

"Ni ya mwenzako anayekuja kutoka huko. Naye ni mshale kama wewe."

Kimya alileta ndoo nyingine, ile mbovu isiyo na mpini. Mara hii Mshale alipunguza mwendo mapema, akapiga honi fupi, akaingia kwenye kona taratibu. Aliiona ndoo, akasimama. Kati yake na ndoo pangekaa familia nzima na mkeka wao.

"Nimekuja kama nimebeba mayai," alilalamika.

"Na umechelewa sana?"

Hapo Bibi akainua makopo mawili. Kumbe pale kwenye tuta alikuwa akichota maji bombani. Alifungua bomba pale gari lilipogeuka barabara kuu na kulifunga liliposimama, mara zote mbili, kwa ishara ya mkono ya Kimya. Wakalinganisha maji. Haraka yote ya Mshale ilikuwa imemwokolea muda wa kujaza maji ya kufunika kitako cha kopo.

"Hayo hata mche mmoja hayatoshi," alisema Bibi.

 Baba alikwenda kwenye kona, akasimama barabarani pale ambapo dereva hukaa, akautazama ua wake kutoka upande ambao hakuwahi kuutazama.

"Ua huu ndio bango langu," alisema. "Wateja wanauona, wanaingia."

"Ulitaka ukukinge," alisema Mama Gia.

"Nilitaka unikinge." Akapumua. "Kumbe ndio unaotuficha."

Akaenda kuchukua mkasi mkubwa. Jioni ilipofika, ua wa kona ulikuwa umefupishwa hadi magotini. Baba aliukata kwa uchungu, kama anayemnyoa mwanawe. Lakini wiki iliyofuata mteja aliyekuwa akipita na gari alisimama, akasema hakujua kama ndani kuna miche mingi hivyo.

Mama Gia aliwafundisha Bibi na Kimya pia. Mtu atembee upande ambao magari yanamjia usoni, ayaone. Akikaribia kona asiyoona ng'ambo yake, ahamie mapema upande wa nje wa kona, anakoonekana kutoka mbali. Avae nguo inayong'aa, hasa alfajiri na jioni. Bibi alihamisha mahali pa kuvukia, mbali na kona. Akajifunga kitambaa cheupe kichwani.

"Mnataka kuniozesha tena," alisema, lakini alikivaa.

Si wote waliobadilika. Dereva mwingine wa duka lilelile la vifaa vya ujenzi aliendelea kupita kwa mbio. Baba hakumrushia jiwe wala matusi. Alikwenda kwa mwenye duka pamoja na Mama Gia, wakamweleza siku na saa. Mwenye duka alimnyang'anya funguo mpaka arudi kufundishwa upya. Ofisi ya barabara nayo iliahidi tuta na kibao cha kona. Tuta lilichelewa. Kibao kilikuja.

Siku moja Bibi alikuwa anavuka na kopo lake. Pikapu nyeupe ikaja. Mshale alikiona kitambaa cheupe juu ya ua mfupi tangu mbali. Akapunguza mwendo, akasimama, akamngoja avuke. Bibi hakuwa na haraka. Alifika katikati, akasimama kumsalimu. Nyuma ya pikapu, yule rafiki mwenye pikipiki alipiga honi.

Mshale akatoa kichwa dirishani. "Unampigia nani? Tulia, Bibi anapita."

Jioni aliegesha pikapu, akaja kukaa karibu na Kimya. Kimya alikuwa anajaza udongo kwenye vifuko vyeusi vya miche. Mshale naye akachukua kifuko, akaanza kujaza, vibaya.

"Siku ile ulimuuliza Mama Gia," alisema. "Mbona mimi hukuniambia kitu? Nipo hapa kila siku."

Kimya alishindilia udongo kwa kidole gumba. Akakiweka kifuko chini. Akachukua kingine, akakiacha.

"Kila nikisikia gari lako linaingia kwenye kona, naacha kazi," alisema. "Nashika pumzi mpaka nikuone umetokea upande wa pili. Baba alikuwa anamsemea Bibi. Mama Gia alimsemea Bibi. Mimi roho yangu ilikuwa juu kwa ajili yako, kaka."