Bomba Lililofufuka Siku za Wageni

Mama Pacha alirudi kutoka chemchemini na ndoo kichwani. Mgongo ulimuuma. Shingo ilimuuma. Alikuwa amechoka, na siku ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Njia ya kutoka chemchemini inapita mbele ya bomba la mtaa. Bomba hilo lina tangi kubwa juu ya nguzo za chuma, ngazi ya kupandia, na kibao kizuri cha buluu: MRADI WA MAJI KWA WOTE. Lilijengwa kwa msaada wa nchi za mbali. Mwanzoni lilitoa maji. Kisha pampu ikafa. Siku hizi watu walianika nguo kwenye nguzo zake, na kuku wa jirani walitaga ndani ya kibanda cha pampu. Angalau kuku walifaidika na mradi.

Nyumbani, cherehani ya Mama Pacha ilikuwa imefunikwa kitambaa. Alikuwa fundi mzuri wa nguo, lakini asubuhi yake yote iliishia njiani, kwenye maji. Akikaa kushona, macho yanajifumba yenyewe. Wateja walisubiri, wakanung'unika, kisha wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao.

"Siku nikipata maji hapa karibu," alizoea kuwaambia, "nitashona mpaka mnikimbie."

Wao waliitikia tu, na vitambaa wakaondoka navyo.

Asubuhi hiyo mumewe aliingia kwa haraka. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti. Mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika.

"Mama Pacha, wageni wa mradi wanakuja kesho kutwa. Waambie wenzako. Tunajaza tangi."

Mama Pacha alijitupa kwenye kigoda. "Tena, Mwenyekiti?"

"Tena. Na wale kuku watolewe."

Akatoka. Pembeni alikuwa amekaa wifi yake Mama Pacha, dada mkubwa wa Mwenyekiti. Alikuwa amestaafu kazi karibuni na kuja kuishi nao. Alikuwa akifumua pindo la gauni ili amsaidie wifi yake kazi.

"Mnajaza tangi gani, wifi?" aliuliza. "Bomba si limekufa?"

"Limekufa. Lakini wakija wageni linafufuka."

Mama Pacha akamweleza. Kabla wageni hawajafika, wanawake hubeba maji kutoka chemchemini. Ndoo hupandishwa ngazini, mkono kwa mkono, mpaka kwenye tangi. Wageni wakifungua bomba, maji yanatoka. Watu wanapiga makofi. Wageni wanaandika, wanapiga picha, wanaaga. Jioni tangi ni kavu.

Wifi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaweka gauni chini.

"Nisamehe, wifi yangu. Nimecheka, lakini hili si la kuchekesha. Unajua hao wageni wanakuja kufanya nini?"

"Kutukagua. Wanatufanyia mtihani."

"Wanakuja kufanya tathmini. Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Tathmini ni kuupima mradi. Umefanya kazi au haukufanya? Umemsaidia nani? Umemwacha nani? Anayefanyiwa mtihani ni mradi, si nyinyi."

"Hilo hatukuambiwa," alisema Mama Pacha. "Na hiyo kazi ilianzaje?" Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na pia kwa sababu alitaka kuendelea kukaa.

"Zamani, nchi tajiri zilipoanza kutoa misaada ya miradi, mara nyingi zilihesabu fedha na saruji tu. Fedha zimetumika? Jengo limesimama? Basi, mradi umefaulu. Ni kama fundi wa nguo aseme, kitambaa chote nimekimaliza, kwa hiyo gauni limemkaa mteja vizuri."

Mama Pacha alitabasamu. "Mteja wa kukubali hivyo bado sijampata."

"Baadaye wakaona kuna barabara hazipitiki na mashine hakuna anayeziwasha. Wakaanza kuandika mpango tangu mwanzo. Tutafanya hiki, kitaleta kile, na dalili ya kufaulu ni hii. Ilisaidia. Lakini mpango ulipangwa ofisini, na aliyeulizwa habari mara nyingi alikuwa mkubwa wa mradi."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mlikumbukwa baadaye. Wataalamu wengine walisema huwezi kujua kama gauni linabana bila kumwuliza aliyelivaa. Wakashuka kwenye magari, wakakaa chini na wakazi, wakachora nao ramani kwenye vumbi. Kisha nchi zinazotoa misaada zikakubaliana maswali ya kuuliza. Mradi ulihitajika? Umetimiza lengo? Fedha zimetumika vizuri? Maisha yamebadilika? Na swali ninalolipenda kuliko yote: wafadhili wakiondoka, faida itabaki?"

"Na siku hizi?"

"Siku hizi wapo wanaolinganisha hata mtaa uliopata mradi na mtaa usiopata, ili waone tofauti. Njia ni nyingi, wifi. Lakini hakuna njia itakayopima bomba vizuri kama maji yake mmeyabeba kichwani."

Mwenyekiti alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni akisikiliza.

"Dada, unaongea kama uko ofisini," alisema. "Sisi tuko huku. Tukisema bomba limekufa, watasema tumeshindwa kulitunza. Watafunga mradi. Fedha watapeleka kwa wengine. Unajua nilivyohangaika mpaka tukalipata?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Alizunguka ofisi nyingi kuliombea bomba hilo, na viatu vyake viliisha visigino. Mama Pacha alilijua hilo, akamwonea huruma hata katika uchovu wake.

"Huenda wakafunga," dada yake alijibu. "Siwezi kukuahidi kwamba watarudi. Lakini ukiwaonyesha maji yanatoka, warudi kufanya nini? Nani analeta fundi kwenye bomba zima?"

Mwenyekiti akageuka. "Tangi lijazwe," alisema, akaondoka.

Siku ya wageni, wanawake walipanga foleni mapema. Mama Pacha alisimama chini ya ngazi kama kawaida yake. Mwenyekiti alikuwa juu, tayari kupokea. Ndoo ya kwanza ikafika mikononi mwa Mama Pacha. Akaitazama. Yalikuwa maji ya kupikia ya mtu, yaliyobebwa kutoka mbali, na sasa yanapandishwa juu ili yateremke tena. Akaiweka ndoo chini.

"Nimechoka," alisema.

"Pumzika kidogo, mwenzio apokee," Mwenyekiti akasema kutoka juu.

"Sijachoka kubeba tu, baba Pacha. Nimechoka kudanganya. Maji ya nyumbani nabeba, na maji ya maonyesho nabeba. Haya ya maonyesho siyabebi tena."

Kisha jirani aliyekuwa nyuma yake naye akaweka ndoo chini.

"Hata mimi," alisema. "Kiuno changu sikukitoa msaada."

Wanawake wakacheka, na ndoo zikawekwa chini moja baada ya nyingine. Mwenyekiti alibaki juu ya ngazi, mikono mitupu. Toka pale juu aliliona gari la wageni likija.

Mtathmini alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya vumbi. Alisalimia wote. Mwenyekiti alishuka, akafuta jasho, akaanza hotuba yake ya siku zote: "Mradi huu umetusaidia sana." Mtathmini akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kwenye bomba, akalifungua.

Bomba lilikoroma. Akatoka buibui mmoja.

"Limeharibika leo?" mtathmini aliuliza.

Ilikuwa rahisi kujibu ndiyo. Mtaa mzima ulimtazama Mwenyekiti. Mumewe aliziangalia ndoo zilizojaa maji pale chini, akamwangalia na mkewe.

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Liliharibika zamani. Mara zote mlizokuja, tulijaza tangi kwa ndoo."

Mtathmini hakupiga kelele. Aliomba ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Akauliza upya, polepole. Pampu ilianzaje kuharibika? Mwenyekiti akasema kuna mpira mdogo wa mviringo ndani yake uliokatika. Alitafuta mwingine maduka yote, hakuna aliyewahi kuuona. Nani anateseka zaidi? Wanawake wakamweleza habari za wazee wanaoishi mlimani, wasioweza kushuka chemchemini. Mama Pacha alimweleza habari za cherehani yake. Jua likafika utosini, bado wanaongea.

Mwisho mtathmini akashusha pumzi. "Mnajua ripoti za nyuma zilisema nini? Zilisema pampu hii inafanya kazi vizuri sana. Kwa sababu hiyo, mitaa mingine mingi ikapewa pampu kama hii hii."

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha aliwafikiria wanawake asiowajua, wa mitaa asiyoijua. Alihisi aibu, na shingo ikamuuma upya.

"Na wao wanajaza tangi kwa ndoo?" aliuliza.

"Sijui," alisema mtathmini. "Sasa nitakwenda kuwauliza."

Alipoinuka, wifi yake Mama Pacha akamwambia: "Majibu mtuletee, mwenzangu. Msituulize kisha mkapotea."

Haikuwa kazi ya siku moja. Mvua zilikuja zikaisha, Mama Pacha bado anakwenda chemchemini. Baadhi ya majirani walimnyooshea kidole. "Umeona? Tungejaza tu." Hakuwa na nguvu ya kubishana nao.

Kisha mtathmini akarudi na majibu, akayasoma mkutanoni mbele ya wote. Kule kwingine nako pampu nyingi zilikuwa zimekufa kwa sababu ya mpira ule ule. Wafadhili walikubali kwamba walikosea kuchagua, na pampu za aina ile hazitanunuliwa tena. Mtaa wao utaletewa nyingine, ambayo vipuri vyake vinauzwa duka la karibu na soko. Mitaa mingine itafuata. Na wakazi wawili watafundishwa kuitengeneza.

Aliyenyoosha mkono wa kwanza alikuwa Mwenyekiti. "Nguo zako za grisi utazifua mwenyewe," Mama Pacha alimnong'oneza.

Pampu mpya ikaja, na siku hizi cherehani haifunikwi mchana. Mama Pacha bado anachoka, lakini anachoka na kazi yake, na wateja wanagombana nani kawahi.

Juzi wageni wa tathmini walikuja tena. Asubuhi ile ile maji yakakatika. Jirani alikuja mbio, roho juu.

"Mama Pacha! Bomba limezima, na wageni wako njiani! Tufanyeje?"

"Mwambieni Mwenyekiti," alisema. Akamalizia mshono wake, kisha akachukua ndoo yake na kwenda.

Alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya pampu, mikono myeusi, mpira mpya mfukoni. Wageni walikuwa wamekwisha kufika. Mwenyekiti hakuinuka wala hakutoa hotuba.

"Karibuni," aliwaambia. "Limeharibika tangu asubuhi. Tazameni tunavyolitengeneza."

Akautoa mpira mfukoni, akautia mahali pake, akakaza nati ya mwisho. Bomba likakohoa, kisha maji yakaanguka kwa nguvu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu alikuwa ameshika ndoo.