Diski Nne za Jelagat

Saa saba mchana, duka la kompyuta mjini Eldoret lilikuwa limejaa watu na jasho lao. Jelagat, sweta jekundu na kiatu kimoja kilichokanyaga ndizi iliyooza, alifika kaunta amekunja pua.

"Nipe diski nne ndogo, zenye kasi."

"Chukua moja kubwa, mrembo," alisema Oyugi, fundi aliyevaa shati la maua na doa la mchuzi.

"Ni za proksi ya chuo ninakofanya kazi ya majaribio. Inaweka nakala za kurasa wanafunzi wanazofungua, zisivutwe mtandaoni kila mara. Diski nne zinagawana kazi, kila moja kivyake. Na ufue hilo shati, linanichefua."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyozaliwa, kwa masikitiko ya foleni nzima. Wiki mbili walipigiana simu na kuitana asali na keki mpaka nzi wangekinai.

Jumapili Oyugi alijitolea kuzifunga diski chuoni, kule Chepkoilel. Chumba cha seva zamani kilikuwa stoo ya kabichi. Sasa kilinuka mkojo wa panya. Jelagat alitoka nje kutapika. Huku nyuma, Oyugi akaziunganisha diski zote nne kwa RAID 5, mtindo wa kuzifanya zitunziane data, ili moja ikifa mpenzi wake asipoteze kitu. Hakusema. Ilikuwa zawadi.

Jumatatu kurasa zilifunguka kwa kutambaa.

"Ijumaa tunaamua kama utaajiriwa," alisema Mama Kabura, mkuu wa chuo. "Kwa hali hii, sioni."

Jelagat alishika simu. "Umeniuzia diski mbovu!"

"Ni nzima, sukari! Nimeziunganisha tu zilindane."

"Zilinde nini? Ni nakala, zikipotea zinavutwa tena! Sasa kila kitu kidogo kikiandikwa, diski zinafanya kazi mara nne. Na usiniite sukari. Unachukiza kuliko hao panya."

Akakata.

Alhamisi Oyugi alikuja bila kuitwa, akatambaa kwenye uchafu, akazitenganisha diski. Kufikia saa sita kurasa zilifunguka papo hapo. Akaenda kwa Mama Kabura na utando wa buibui mdomoni.

"Mama, kosa ni langu. Jelagat alinieleza vizuri, nikajifanya mjuaji."

Mama Kabura, leso puani, alitia sahihi barua ya kazi upesi, bila kungoja Ijumaa, ili harufu ya panya iondoke ofisini.

Nje, mlangoni alipokuwa Jelagat akisikiliza, Oyugi alipiga goti. "Jelagat, nikuoe?"

"Oga kwanza," alisema Jelagat, akirudi nyuma hatua moja. "Mara mbili. Jumamosi twende kwetu Kaptagat, mama yangu akuone ukiwa msafi."